Nyumba ya biskuti yenye baraza

Jamani habari za masiku. Najua nimekaa kimya tangu Novemba, lakini Mama alikuwa huku Bergen wiki saba nzima, na Mama akiwepo hakuna mtu anayeshika laptop nyumbani kwangu, ni kupika na kuongea na chai mpaka usiku. Sasa ameshaondoka, nyumba imepoa kweli kweli, na kabla sijasahau hata kidogo nataka niiandike ile habari ya nyumba ya biskuti, maana wengi mliona picha kwenye stetasi mkaniuliza ile ni nini na mbona imeezekwa makuti.

Nianze hivi. Huku Norwei ikifika mwisho wa Novemba, ukipanda ngazi za jengo lolote la fleti unasikia harufu ya karafuu. Kila mlango. Wanaoka biskuti wanazoziita pepperkaker, yaani keki za pilipili, na ndani mna pilipili manga kweli, na tangawizi, mdalasini, karafuu, na sirapu nyeusi ile nzito inayovutika kama asali. Biskuti zenyewe nyembamba, ngumu, rangi ya kahawia. Na unga huo huo ndio wanaojengea vinyumba, kuta nne na paa, halafu wanapamba kwa sukari nyeupe na pipi. Hata machungwa wanayachomeka karafuu nzima nzima, wanayafunga utepe na kuyaning'iniza dirishani yanukie. Mara ya kwanza kuona chungwa lililochomekwa karafuu nilisimama pale kwa jirani nikalinusa kama mtoto, machozi yananilenga, nilikuwa na miezi miwili tu hapa na sijui mtu.

Sisi ni Waislamu, Krismasi si sikukuu yetu, hilo watoto wanalijua vizuri. Lakini shuleni wanaoka, majirani wanaoka wanatuletea sahani, na mie miaka yote 11 niliyokaa hapa sijaona ubaya wa biskuti. Kazi yangu ni kusoma nyuma ya pakiti tu, maana pipi nyingi za kupambia zina gelatini ya nguruwe, hasa zile laini za kutafuna, kwa hiyo kwetu zinaingia lozi, zabibu kavu na peremende ngumu, basi. Mama nilimweleza siku ya kwanza. Akauliza ndani mna nini, nikamtajia kimoja kimoja, akanitazama akasema, "Hivyo vyote si vya kwetu?"

Ni vya kwetu kweli. Mama ni mtu wa Pemba, upande wa Wete, na mie nimezaliwa huko huko. Alifungua kichupa changu cha karafuu ya unga cha supamaketi, akakinusa, akakifunga. "Hii imelala, mwanangu." Akaenda kwenye begi lake akatoa fundo la kipande cha kanga, ndani mna magome ya mdalasini, hiliki na karafuu kidogo za chai, akakaa chini jikoni na kinu changu kidogo akazitwanga mwenyewe. Nyinyi mliokulia huko mnaijua ile harufu, haipiti puani tu, inapanda mpaka machoni. Binti yangu ana miaka tisa, anakula hizo biskuti kila mwaka toka ana meno, siku ile ndo kwa mara ya kwanza kuelewa kwamba karafuu ni tumba la ua. Bibi yake akamwekea moja kiganjani, akamwonyesha kichwa na kikonyo. Akamwambia walivyokuwa wakichuma mchana na usiku wanakaa nyumba nzima kuchambua, karafuu huku makonyo kule, wakubwa kwa wadogo, mpaka vidole vinanuka wiki nzima, halafu asubuhi zinaanikwa juu ya majamvi zinabadilika rangi siku kwa siku, kijani na wekundu mpaka zinakuwa kahawia iliyokolea. Na ukiona wingu unakimbia kukusanya.

(Kwa wasiojua, kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, ndo maana hadithi za karafuu za Zanzibar ukizifuata unaishia Pemba.)

Sasa wazo la kujenga lilikuja hivi. Bergen wana kitu kinaitwa Pepperkakebyen, mji wa biskuti. Wameanza 1991, kila mwaka watoto wa chekechea, shule, maofisi na familia wanaoka nyumba zao wanazipeleka, zinapangwa pamoja mpaka inakuwa mji kamili, na mlima, na bandari ina meli, na treni inayozunguka, na taa ndogo ndogo kila dirisha. Watu wa hapa wanajivunia sana, wanasema hakuna mji wa biskuti mkubwa kama huo duniani. Mwaka 2009 kuna mtu aliingia usiku akauvunja vunja, watu wa mji mzima wakarudi majikoni wakaoka upya, ukasimama tena msimu ule ule. Hiyo habari nilisimuliwa na mwalimu wa chekechea mwaka niliompeleka binti yangu mara ya kwanza, na alivyokuwa anaisimulia utadhani ni nyumba yake mwenyewe ilivunjwa.

Tukampeleka Mama. Mvua inanyesha, lakini hiyo siyo habari, Bergen inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na giza limeshaingia, maana Desemba huku jua linazama saa tisa na nusu alasiri. (Mama wiki ya kwanza alikuwa akimaliza kuswali adhuhuri, akinywa chai kikombe kimoja, magharibi imefika.) Mle ndani taa zimepunguzwa, harufu imejaa, watoto wanatafuta nyumba ya darasa lao. Mwanangu wa kiume, miaka sita, akaiona ya kwao akapiga kelele. Mama akazunguka taratibu, mikono nyuma, anachungulia kila mtaa, akasifia kanisa, akasifia zile nyumba za mbao za bandarini zilizobanana, za Bryggen, wamezitengeneza vizuri mpaka rangi. Tukamaliza. Tunavaa makoti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mji mzuri. Lakini mji mzima hauna baraza hata moja. Watu hawa jioni wanakaa wapi?"

Binti yangu akasimama na koti mkono mmoja. "Bibi, baraza ni nini?"

Wallahi moyo ulinidunda. Mtoto wangu, mjukuu wa Wete, anaongea Kiswahili kizuri, anamwamkia bibi yake chei chei kila asubuhi, na hajui baraza. Siyo kosa lake, atalijulia wapi? Nimempeleka nyumbani mara mbili tu, moja akiwa mchanga. Mama hakushangaa wala hakunilaumu, alimshika mkono tukatoka kwenye mvua, akaanza kumweleza njia nzima mpaka kituo cha treni ndogo, kwamba ni kibambaza kirefu cha kukalia mbele ya nyumba, cha mawe na chokaa, mgeni anakaa pale kabla hajaingia ndani, wazee wanacheza bao pale, wanawake wanasukana pale, kahawa inanywewa pale, na ukiwa na shida na mtu hujamwingilia ndani kwake unamkuta barazani mnazungumza. Tulipofika nyumbani mtoto ameshakata shauri. Tunajenga nyumba ya Bibi.

Unga tulikanda Ijumaa jioni kwa sababu lazima ulale usiku kucha kwenye friji, ukiusukuma siku ile ile unavutika na kurudi. Vipimo vyangu vya kila mwaka ni siagi gramu 150, sukari desilita mbili, sirapu desilita moja, unachemsha pamoja mpaka sukari iyeyuke, unaacha ipoe, unatia krimu desilita moja, kijiko cha chai cha mdalasini, nusu nusu kijiko cha karafuu, tangawizi na pilipili manga, halafu unga wa ngano gramu 450 uliochanganywa na kijiko cha chai cha bekingi soda. Safari hii nikafanya mara mbili yake kwa sababu ya baraza. Kwenye karafuu Mama aliweka kwa jicho, sikumzuia, na kwenye pilipili manga pia. Unga ukitoka kwenye moto unakuwa laini unang'aa, mtoto anaweza akadhani umeharibika, usiongeze unga, utajikaza wenyewe kwenye baridi.

Usiku ule baada ya chakula tukakaa na kadibodi za maboksi na rula kuchora templeti. Hapo ndo kazi kubwa ilikuwa, maana Mama hakukubali nyumba yoyote tu, alitaka ile aliyozaliwa, na ile nyumba haipo tena, hata mie sijaiona. Mimi nimekulia ya bati. Nikawa nasikia mambo ambayo miaka 40 sijawahi kuyasikia. Kwamba babu yangu alikuwa fundi wa kuezeka, hilo nilikuwa nalijua juu juu, lakini sikujua kwamba nyumba yake mwenyewe ilikuwa inavuja kila masika kwa sababu msimu wa kuezeka watu walimwita yeye na yake ikabaki ya mwisho. Sikujua kwamba upenu ulikuwa chini hivyo mtu mzima anainama kuingia. Baba watoto anachora, Mama anamsahihisha, "Shusha. Shusha tena. Jua lisifike kwenye baraza." Mwisho tukatoka na vipimo hivi, ukuta wa mbele na wa nyuma sentimita 20 kwa 9, kuta za ubavuni upana 14 na kilele chake 17, paa la nyuma 24 kwa 13, na la mbele refu zaidi, 24 kwa 16, ili lishuke lifunike baraza. Baraza lenyewe kina cha sentimita tatu na nusu, kimo sentimita mbili, biskuti nne zimepandana.

Jumamosi kusukuma na kuoka. Nilitumia kibao na mti wangu wa chapati, unga unausukuma juu ya karatasi ya kuokea yenyewe unene wa milimita 5, unakata pale pale kwenye karatasi, unahamisha karatasi nzima kwenye trei, maana ukiinua ukuta kwa mikono unapinda na ukuta uliopinda hausimami. Oveni digrii 175, dakika 10 mpaka 12. Halafu siri kubwa ni hii, ukitoa tu, ikiwa bado ya moto na laini, unairudishia templeti juu yake unakata kingo upya, kwa sababu zikiwa ndani zinatanuka. Una dakika mbili hivi. Baba watoto alisimama na kisu kikubwa kama daktari wa upasuaji na mie natoa trei, hatukuongea neno.

Kwenye madirisha tulibishana. Watoto wanataka vioo vya peremende, unazivunja vunja unajaza kwenye tundu la dirisha unarudisha kwenye oveni zinayeyuka zinakuwa kioo. Mama akasema nyumba ile haikuwa na vioo, ilikuwa na mbao za kufunga na kufungua tu, na usiku kibatari. Binti akakaa kimya akifikiri, akauliza, kibatari kinatoa taa ya rangi gani? Akaambiwa ya manjano. Basi tukatia peremende za manjano peke yake, na mbele ya kila dirisha mbao mbili za biskuti zilizoachwa wazi kidogo. Sijui alilitoa wapi hilo wazo, lakini ndo lililoifanya nyumba.

Mlango alifanya yeye pia. Ameona milango ya Mji Mkongwe kwenye simu, akataka ya kuchonga na misumari. Akachukua kijiti cha meno akaanza kuchora kwenye unga mbichi, mnyororo pembeni kuzunguka fremu, maua juu, kila baada ya mstari mmoja anapuliza vumbi la unga, ulimi nje. Mlango wenyewe mrefu kama kidole changu cha kati! Alichukua dakika 40. Misumari ni zile shanga ndogo za sukari za rangi ya dhahabu, tatu tatu. Mama akamtazama, akamwambia, "Wetu ulikuwa mbao tupu na komeo. Lakini baba yangu angekuwa nazo angeuchonga hivi hivi." Mtoto akauliza angekuwa nazo nini. "Pesa, mjukuu wangu."

Jumapili tukasimamisha kuta. Gundi ni aisingi ya ute wa yai, ute mmoja kwa gramu 200 na kitu za sukari ya unga na matone ya limau, unapiga mpaka ukiinua mwiko inasimama kilele bila kulala. Mama akaiita chokaa na kuanzia hapo jina likabaki hilo, watoto wote wawili wanasema "niletee chokaa". Unaitia kwenye mfuko wa plastiki unakata pembe ndogo, unapiga mstari, unabana kuta mbili, unaziegemeza kwenye makopo ya njegere na unasubiri. Kusubiri ndo mtihani. Kuta zimesimama saa sita mchana, saa saba mtoto mdogo anauliza paa lini, saa saba na nusu anauliza tena, na mie nikalegea. Mama alikuwa ameketi pale anakunywa chai, akasema, "Nyumba haiezekwi siku ile ile iliyotiwa ukuta." Alisema mara moja tu. Tukaweka paa.

Lilikaa vizuri kama saa moja. Tukaanza na makuti kabisa, nitaeleza, paa likawa zito, na hewa ya siku ile ilikuwa na unyevu, madirisha yanatoa jasho, chokaa haikukauka ndani. Tuko mezani tunakula tukasikia mlio mdogo tu, kama mtu anaweka kitabu chini. Paa la mbele limeteleza limeanguka limevunjika mara mbili, na ukuta wa ubavuni umeinama. Mwanangu alilia, kulia kwa kweli, siyo kwa kudeka, alikuwa ameshapanga lozi safu tano kwa mkono wake. Nilijisikia vibaya sana maana nilionywa na nikaharakisha.

Mama akamvuta akamkalisha mapajani. Akamwambia unajua paa la babu yako lilianguka mara ngapi? Upepo wa kaskazi ukija kwa nguvu mnaamka asubuhi mnaona mbingu. Mnafanyaje? Mnaokota yaliyo mazima mnaanza upya. Na kweli mtoto akashuka, akaanza kuokota lozi moja moja kutoka kwenye magofu, anazipanga kwenye sahani, nzima huku, zilizovunjika kule. Kama mtu anayechambua karafuu.

Unga ulibaki, nashukuru nilifanya mara mbili. Jumatatu jioni tukaoka paa jipya, tukaliacha likauke mpaka Jumanne, na safari hii kuunganisha tukatumia sukari ya kuyeyusha. Hii naomba mnisikilize vizuri mnaotaka kujaribu na watoto, sukari iliyoyeyuka kwenye kikaango mpaka ikawa kahawia inapita digrii 160, ni moto kuliko maji yanayochemka kwa mbali na inang'ang'ania kwenye ngozi, kwa hiyo watoto wanakaa upande wa pili wa meza na bakuli la maji baridi liko karibu. Baba watoto aliigusa kidogo tu na ncha ya kidole gumba, akapata lengelenge la wiki nzima. Lakini inashika sekunde kumi na haiachii tena.

Sasa makuti. Tulitumia lozi zile zilizokatwa vipande vyembamba kama kucha, pakiti nne za gramu 100. Mie na binti yangu mara ya kwanza tulianzia juu kwenye mgongo wa paa tukishuka, ndivyo macho yanavyokwambia. Mama alipoona tunaanza tena hivyo hivyo akatuzuia mikono. "Mnaezeka mvua iingie?" Akakata pembe ya mfuko ndogo zaidi, akapiga mstari mwembamba wa chokaa kwenye upenu, chini kabisa, akapanga safu ya kwanza, lozi kwa lozi, kila moja imeigusa mwenzake. Halafu mstari wa pili juu kidogo, na safu ya pili ikalalia ya kwanza, ikafunika nusu, na pale lozi mbili za chini zinapokutana ndipo lozi moja ya juu inapokaa katikati. Alivyokuwa anafanya alikuwa haangalii, anatazama watoto na vidole vinakwenda vyenyewe. Mwanangu akauliza kwa nini ile iwe katikati. Mama akachukua kijiko cha chai, akadondosha tone moja la maji juu ya safu zile, likateremka likapita juu ya lozi, likapita kwenye nyingine, likatoka nje ya upenu likaanguka mezani. "Umeona? Limepata pa kuingia?" Akatikisa kichwa hapana. "Ndo kuezeka huko."

Nikamuuliza Mama alijifunza lini, wanawake hawakuwa wanapanda juu ya paa. Akasema hakupanda, alikuwa chini anampa baba yake makuti, toka ana umri kama wa huyu, na alikuwa anashona makuti, kila siku baada ya chuoni idadi yake aliyopangiwa. Nimekaa na mama yangu maisha yangu yote. Sikuwahi kumuuliza.

Tulimaliza saa tano ya usiku na kesho yake shule. Nguzo za baraza zilikuwa vijiti vinne vya mdalasini wa Mama, sentimita tatu tatu. Baraza tukalipaka chokaa nyeupe pe, na mtoto mdogo akatengeneza mkeka wa utepe wa rangi akaulaza juu. Ndani tukaweka kitaa kidogo cha betri. Tukazima taa ya jikoni.

Sijui niwaambieje. Zile peremende za manjano ziliwaka zile mbao za dirisha zikatupa vivuli mezani, na upenu ule wa chini ulifunika mlango mpaka nusu, baraza liko gizani kidogo kama lilivyo baraza lolote usiku. Mama hakusema kitu. Alivuta kiti akakaa usawa wa nyumba, kidevu kwenye mikono, akatazama muda mrefu, halafu akanyosha kidole pembeni ya baraza, mkono wa kulia, akasema, "Bibi yenu mkubwa alikuwa anakaa hapa." Akataja na mtungi ulikokuwa. Akataja na paka.

Watoto nao wakataka kumpa Bibi hadithi yao, ile wanayoijua wote huku, ya ndugu wa Grimm wa Ujerumani, waliichapisha 1812, watoto wawili wanapotea msituni wanakuta nyumba ya mkate, paa lake keki, madirisha ya sukari, wanaanza kuila kumbe mwenyewe ni kikongwe anayekula watoto. Wanasimulia kwa kupokezana, Kiswahili kinachanganyika na Kinorwei, Mama anaitikia kila kituo. Walipomaliza akasema, "Aa, huyo namjua. Huyo zimwi." Na akajikohoza, akasema "Hadithi hadithi," na mie na baba watoto tukajikuta tunajibu "Hadithi njoo" kabla watoto hawajafungua midomo. Saa sita ya usiku. Shule kesho. Sikuwazuia.

Nyumba ilikaa dirishani karibu wiki nne. Jirani zetu walikuja kuiangalia, bibi mmoja wa ghorofa ya pili alikaa na Mama saa nzima, hawana lugha moja, Mama anamwonyesha kuezeka kwa vidole na yule anamwonyesha kwa vidole alivyokuwa akisuka soksi. Kuipeleka kwenye mji wa biskuti tulichelewa, ulikuwa umeshafunguliwa, binti yangu ameshaandika kwenye kalenda Novemba ijayo.

Huku desturi ni kuivunja tarehe 13 Januari, siku ya 20 ya Krismasi, watoto wanaivunja kwa kijiko cha mbao wanakula. Nilidhani watagoma. Mwanangu alimuuliza Bibi kama ataumia, Mama akasema nyumba hiyo imeshaanguka zamani na mimi niko hapa nakula, ivunjeni. Unyevu wa Bergen ulikuwa umeshailainisha paa, ilivunjika kimya kimya. Tukala kuta kwa chai ya maziwa na hiliki. Lozi zote zilikwisha. Mlango mtoto hakuuvunja, aliubandua taratibu kwa kisu cha siagi, akaufunga kwenye tishu na akaupeleka kwa Bibi, na Mama akautia kwenye lile fundo la kanga lililokuja na karafuu.

Ameondoka tarehe 15. Juzi ametuma voisi kwenye grupu la familia, nyuma yake kuku wanasikika na kuna mtu anapiga hodi. Anasema amefika salama, mvua hakuna, amewapeleka shangazi zangu wauone mlango, wameupokezana barazani mkono kwa mkono, na baadaye alipobaki peke yake ameuchovya kwenye chai akaula. Anasema mwambieni fundi wangu pilipili manga bado imo.